Lori linalochaji leo na kugoma kesho: betri si mshitakiwa wa kwanza

MSIMU wa mahindi unapofunguka mkoani Ruvuma, kuanzia Mei hadi Agosti, kila lori linaloweza kutembea hupata mzigo. Tangu uchimbaji wa makaa ya mawe ulipoanza Ngaka, wilayani Mbinga, mwaka 2011, malori makubwa na mapya yameongezeka katika barabara za mkoa huo. Hata hivyo, gunia linalotoka vijijini Namtumbo, Madaba au Mbinga kuja Songea bado hupanda gari kuukuu: Fuso au Isuzu ya miaka ya 1980 na 1990 iliyoingia nchini ikiwa imekwishatumika Japani, au Canter ambayo mmiliki wake wa leo ni wa nne au wa tano.

Wengi wa wenye magari hayo huogopa injini. Ni woga uliowekwa mahali pasipo pake. Injini ya zamani ya dizeli huchoka kwa hatua na hutoa taarifa mapema: moshi hubadilika rangi, oili hupungua, nguvu hushuka mlimani. Mfumo wa umeme hauna ustaarabu huo. Unachaji Jumatatu, unagoma Jumanne, na Jumatano unachaji tena wakati fundi amesimama pembeni. Kwa mfanyabiashara mwenye lori moja au mawili, tatizo hili la kuja na kuondoka hula faida bila kuonekana katika daftari, kwa kuwa huandikwa chini ya jina jingine: betri.

Chukua hesabu ifuatayo, ambayo ni mfano tu na si bei za wiki hii. Lori la tani 10 linapeleka mahindi Dar es Salaam kwa Sh 90 kwa kilo. Mapato ya safari ni Sh 900,000. Dizeli, posho ya dereva na utingo, ushuru na matairi vikiondolewa, mwenye gari akibaki na Sh 200,000 atakuwa amefanya vizuri. Betri mbili za lori kwa Sh 400,000 kila moja ni Sh 800,000, yaani faida ya safari nne. Iwapo betri zilizotolewa hazikuwa na kasoro, safari hizo nne zimefanywa bure. Na kwa kuwa kasoro yenyewe bado imo garini, betri mpya nazo hazitauona msimu unaofuata. Brashi za kaboni ndani ya alteneta, ambazo mara nyingi ndizo chanzo, gharama yake huhesabiwa kwa maelfu, si kwa malaki.

Betri hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayonyamaza mbele za watu. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, stata inatoa mlio mmoja tu, taa za dashibodi zinafifia, vijana wanaitwa kusukuma. Lori likishawaka, kila mtu ameona kwa macho yake kuwa betri "imekufa". Lakini betri ni ghala, na ghala likikutwa tupu mwezi Septemba hakuna mfanyabiashara anayelibomoa. Huuliza kwanza kama mazao yaliingia, na kama yaliingia, yalitokea mlango gani.

Dizeli huficha ugonjwa

Gari la petroli halina siri. Plagi zake zinahitaji umeme ili zitoe cheche, hivyo chaji ikikatika kwa muda wa kutosha injini huzima na dereva hujua. Dizeli ya zamani huwasha mafuta kwa mgandamizo, na pampu yake huzungushwa na gia za injini yenyewe. Ukiacha zile zenye vali ya umeme inayofungulia mafuta kwenye pampu, injini ya namna hiyo ikishawaka yaweza kwenda kutoka Songea hadi Njombe bila alteneta kutoa chochote. Mchana dereva hana sababu ya kushuku. Hesabu hufungwa usiku.

Taa mbili za mbele za lori la volti 24 hula wati 140 hivi. Taa ndogo, za nyuma na za ubavuni, pamoja na waipa na dashibodi, zinaweza kuongeza wati 100 nyingine. Jumla ni wati 240, yaani ampia 10. Betri mbili mpya za ampia-saa 120 zilizojaa zingebeba mzigo huo kwa saa nyingi. Lakini betri zilizozeeka hadi zikabaki na nusu ya uwezo wake, tena zikaanza safari zikiwa nusu, zinabaki na ampia-saa 30, na hizo ni saa tatu za mwanga. Lori lililopakia likaondoka Songea jioni, baada ya saa tatu linaikaribia au limekwishaipita Madaba, na mbele yake ni kona za Lukumburu.

Hapo suala si la kukosa mwanga pekee. Katika Fuso na Isuzu nyingi, breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini ishikilie gari mteremkoni, hufunguliwa na kufungwa kwa vali inayotumia umeme. Umeme ukishuka mno, vali hiyo inaweza isivute. Dereva aliyezoea kuiegemea mteremkoni hujikuta na breki za miguu peke yake, akiwa na tani 10 za mahindi mgongoni na taa zenye rangi ya chungwa. Mwenye gari aliyelala Songea hana habari. Kwa sababu hiyo kasoro ya chaji isichukuliwe kama usumbufu wa asubuhi unaomalizwa na vijana wanne wa kusukuma.

Mita kabla ya spana

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua kitu chochote. Kinahitaji mita ya volti, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri moja, na lori lililolala usiku kucha. Kabla halijawashwa, kila betri ipimwe peke yake. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikisoma chini ya 12 imekwisha, na kuiacha hivyo kwa wiki kadhaa kunaganda salfeti kwenye bamba zake kiasi kwamba hata ikichajiwa hairudi kamili. Betri mbili za lori moja zisipishane kwa zaidi ya moja au mbili ya kumi ya volti. Zikipishana sana, kuna habari, na itaelezwa hapa chini.

Kisha lori liwashwe na likanyagwe mafuta kiasi, si kuachwa liungurume taratibu. Kati ya ncha mbili za mfumo mzima mita isome kati ya 27.5 na 28.5. Gari dogo la volti 12 lisome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 25 au kushuka, alteneta haitoi. Ikipanda kuvuka 29.5, regyuleta imeshindwa kuzuia: maji ya betri yatachemka, balbu zitaungua moja baada ya nyingine, na mwenye gari atasema ananunua balbu feki. Baada ya hapo taa zote ziwashwe na waipa ziende. Mfumo wenye afya hushuka kidogo tu. Ule unaopumulia mdomoni huporomoka papo hapo.

Gereji nyingi huishia hapo, na kwa kasoro ya kudumu yatosha. Kwa kasoro ya kuja na kuondoka haitoshi, kwa kuwa siku lori linapopelekwa kwa fundi ndiyo siku linapochaji. Fundi anapima, anaona 28, anasema gari zima, au, kama ana haraka ya mlo wa mchana, anabadilisha regyuleta kwa kubahatisha.

Njia yenye tija ni kupima lori likiwa na ugonjwa, yaani safarini. Waya mbili nyembamba zenye fyuzi ndogo huvutwa kutoka kwenye betri hadi ndani ya kebini na kufungwa kwenye mita. Utingo hupewa daftari la shule na kalamu. Kila nusu saa, na kila mita inapobadilika ghafla, anaandika mambo manne: mita inasoma ngapi, barabara ni ya namna gani, kuna mvua au hakuna, taa zimewashwa au zimezimwa. Safari moja ya kwenda Makambako na kurudi huleta ushahidi ambao wiki nzima ya kukisia gerejini haileti.

Daftari hilo husomwa hivi. Chaji inayokatika mvua ikinyesha au lori likipita dimbwi, kisha ikarudi baada ya dakika chache, huelekeza kwenye mkanda wa feni unaoteleza. Inayokatika baada ya saa moja au mbili za mwendo na kurudi asubuhi yake mambo yakiwa yamepoa, huelekeza kwenye regyuleta au waya wa ndani ya alteneta unaoachana ukipata joto. Inayokatika katika barabara ya vumbi na makorongo, kisha ikatulia lori linapoingia lami, ni kiungo kilicholegea au brashi zilizokwisha. Na ile inayokosekana kila asubuhi mpaka dereva akanyage mafuta kwa nguvu mara moja, mara nyingi haitokani na alteneta kabisa, bali na balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi.

Hili la balbu huwashangaza wengi. Katika magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, alteneta haiamki mpaka izungushwe kwa kasi kubwa. Kuipima ni rahisi: ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa, taa ya chaji lazima iwake. Isipowaka, ichunguzwe balbu, kisha waya wake, kisha brashi, kwa mpangilio huo. Dereva anayefurahi kuwa taa ya chaji "haijawahi kuwaka" gari lake linaponunuliwa anafurahia ugonjwa.

Kila kiungo kina ushuru wake

Mkanda wa feni hupimwa kwa dole gumba katikati ya urefu wake: ubonyee sentimeta moja hivi, si zaidi sana. Uliong'aa ubavuni kama kioo umeshaanza kuteleza hata ukikazwa, na kuukaza kupita kiasi huua beringi za alteneta. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Viungo vya nyaya vinahitaji. Lori la miaka 30 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha alama: waya uliosokotwa na kufungwa plastiki, honi ya pili iliyovutwa moja kwa moja kutoka betri, taa za ziada zilizopachikwa kwa waya mwembamba wa nyumbani. Kutu ya kijani na unga mweupe kwenye vichwa vya betri hula sehemu ya umeme kabla haujafika. Unga huo husafishwa kwa maji ya moto yenye magadi, kichwa kikanguliwe mpaka king'ae, kikazwe, kisha kipakwe grisi. Grisi ipakwe baada ya kukaza, si kabla.

Waya wa hasi ndio unaosahauliwa zaidi. Umeme unaotoka kwenye alteneta kwenda betri kwa upande wa chanya lazima urudi, na njia ya kurudi ni chuma cha injini, chesisi na ule mkanda mnene wa shaba unaoviunganisha. Mkanda huo ukikatika nusu, au chesisi ikipakwa rangi mpya chini ya bolti yake, umeme hutafuta njia nyingine: waya wa akselereta, beringi za gia, hata kebo ya spidimita. Dalili zake huchekesha mpaka mtu azielewe. Taa ya kona ya kushoto ikiwashwa, taa ya breki inameta. Stata inavuta vizuri baridi na kugoma ikipata moto. Hakuna betri itakayotibu hilo.

Kipimo chake ni kimoja na kinawafaa hata wasio mafundi. Injini ikikanyagwa mafuta na taa zote zikiwaka, mguu mmoja wa mita uwekwe kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye ncha nene ya alteneta. Mita isizidi nusu ya volti. Kisha mguu mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye mwili wa alteneta: isizidi robo. Kinachozidi hapo ni ushuru unaotozwa na kutu njiani, na kinarudishwa kwa msasa na spana.

Kwa Canter na Isuzu ndogo kuna jambo la pekee. Alteneta zake nyingi zimebeba nyuma yake pampu ya kuvuta hewa, inayosaidia breki, na pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili hupenya ndani ya alteneta, brashi zinateleza juu ya utelezi na chaji inakuwa ya leo ipo, kesho haipo. Kuosha na kubadilisha brashi bila kubadilisha sili ni kununua miezi miwili. Aidha, anayeuziwa alteneta ya mtumba isiyo na pampu hiyo, kwa maelezo kuwa "inaingia tu", anauziwa gari lenye breki ngumu. Katika magari haya mkanda ukikatika mlimani, chaji na msaada wa breki huondoka kwa pamoja, na dereva hubaki na mikanyago michache tu ya breki laini.

Redio moja, betri mbili

Kasoro inayowagharimu wenye malori fedha nyingi kuliko zote haitokani na uchakavu. Inatokana na starehe. Lori lina volti 24, redio na chaja ya simu ni za volti 12. Fundi anachukua waya kutoka kwenye betri moja tu kati ya mbili, redio inaimba, kila mtu anaridhika.

Kinachotokea baadaye ni hesabu ya kawaida. Betri iliyochukuliwa waya hutoa zaidi kuliko mwenzake, lakini alteneta hupeleka kiasi kilekile kwa zote mbili, kwa kuwa zimefungwa kwa mfuatano. Regyuleta huona jumla tu. Jumla ikiwa 28, huona mambo ni mazuri, wakati ukweli ni kwamba betri moja iko 13 na nyingine 15. Ya kwanza hubaki na njaa daima, ya pili huchemka na kukauka maji. Baada ya miezi michache mwenye gari anaambiwa betri moja imekufa. Ananunua moja mpya, anaifunga pamoja na kuukuu iliyokwishaungua, na zote mbili zinaharibika kwa kasi zaidi. Lori likikaa foleni siku mbili kusubiri kupakua, dereva na utingo wakisikiliza mpira na kuchaji simu za nusu ya kijiji, mambo huharakishwa.

Dawa ni kifaa kidogo cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili kwa usawa. Ni kitu cha bei nafuu. Betri za lori zinunuliwe mbili kwa siku moja, za aina moja na uwezo mmoja. Na maji yanayoongezwa yawe maji safi ya betri, si tindikali; tindikali huongezwa tu pale ilipomwagika. Wauzaji wa rejareja wanaouza chupa za aina zote mbili bega kwa bega hawaulizi ya nini.

Zamani, mwenye betri dhaifu mjini Songea alikuwa na sababu nyingine ya kutoa. Kabla ya mwaka 2018, mji huo ulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na betri iliyopelekwa kuchajiwa ilirudi nusu kwa kuwa umeme ulikatika. Mwaka huo njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako iliuunganisha mji na gridi ya taifa. Betri ya ampia-saa 120 ikichajiwa polepole, kwa ampia 12, huhitaji saa 10 na zaidi. Anayeirudisha baada ya saa mbili akisema imejaa amechaji mfuko wake.

Umeme unaotoroka usiku

Kuna malori yanayochaji vizuri kabisa na bado asubuhi hayawaki. Hapo alteneta haina lawama ya kutozalisha, ila yaweza kuwa na lawama ya kuvujisha. Ndani yake mna diodi, vipande vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Moja ikitoboka, umeme wa betri hurudi ndani ya alteneta usiku kucha na kugeuka joto. Mafundi wazee wana kipimo kisichohitaji mita: alfajiri, kabla injini haijaguswa, weka kiganja juu ya alteneta. Ikiwa ya uvuguvugu wakati chuma kingine chote ni cha baridi, na baridi ya Songea ya mwezi Julai haina utani, umeme unapotelea hapo.

Isipokuwa na joto, waya wa hasi wa betri hufunguliwa na mita ya ampia huwekwa katikati. Lori la zamani lisilo na kompyuta, ufunguo ukiwa umetolewa, halina haki ya kunywa zaidi ya miliampia chache. Likinywa nyingi, fyuzi hutolewa moja moja mpaka mita ishuke, na mstari wa fyuzi hiyo ndio wenye mwizi. Mara nyingi ni taa ya chumba cha kulala dereva, swichi ya breki iliyoganda, au ile honi ya pili.

Uharibifu mwingine hufanywa na wanaotaka kusaidia. Mtindo wa kung'oa waya wa betri injini ikiunguruma, ili kuona kama gari "linajitegemea", ni urithi wa enzi za dainamo. Alteneta zilianza kuchukua nafasi ya dainamo katika miaka ya 1960; Chrysler ya Marekani iliiweka kwenye Valiant mwaka 1960. Mtindo wa kupima haukubadilika pamoja nayo. Alteneta ikinyang'anywa betri ghafla, volti huruka juu na kuua diodi na regyuleta kwa sekunde. Kipimo kinaua kilichokuwa kizima, na fundi anathibitisha kwa dhati kabisa kuwa alteneta imekufa. Hali kadhalika kuchomelea bodi au bampa bila kufungua waya za betri na za alteneta.

Fundi hulipwa kwa kufunga

Songea haikosi watu wa kazi. Karakana za Wabenediktini wa Peramiho zimefundisha mafundi kwa miongo mingi, na VETA ina chuo mjini humo. Tatizo liko kwenye namna soko linavyolipa. Fundi wa umeme hulipwa anapofunga kitu. Asipofunga kitu, hata akitumia saa nne kugundua kuwa bolti moja ya hasi imelegea, mwenye gari humpa pesa ya soda na kumshukuru. Duka la spea, kwa upande wake, humkumbuka fundi aliyeleta mteja wa betri mbili. Katika hali hiyo haishangazi kwamba ugonjwa mwingi huishia kuwa wa betri.

Mwenye lori anaweza kuubadilisha mkataba huo bila kumgombeza mtu. Akubaliane na fundi malipo ya kupima, tofauti na malipo ya kufunga, na malipo hayo yatolewe hata kama hakuna kilichobadilishwa. Kwa malipo hayo adai namba kwa maandishi: volti za kila betri zikiwa zimepumzika, volti injini ikikanyagwa mafuta, upotevu upande wa chanya, upotevu upande wa hasi. Namba hizo nne zikikosekana, asinunue kitu. Alteneta inayotolewa irudishwe kwake, isiachwe gerejini, kwa kuwa alteneta nyingi "zilizokufa" hufufuliwa kwa brashi mpya na kuuzwa kwa mwenye lori wa pili kama mtumba wa Japani.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kununua lori kuukuu ili aingie katika msimu, umeme ndio sehemu ya gari inayompa nguvu ya kupunguza bei, kwa sababu muuzaji huiosha injini lakini haoshi nyaya. Afike asubuhi na mapema bila kutoa taarifa ya saa. Aguse injini kuhakikisha ni ya baridi. Apime betri kabla ya ufunguo kuzungushwa, aangalie kama taa ya chaji inawaka, awashe, apime tena taa zote zikiwa zinawaka. Aangalie kama betri mbili zinafanana kwa jina, ukubwa na umri. Ahesabu waya zilizofungwa kwa plastiki kwenye boksi la betri. Mfumo wote kuvutwa waya upya na fundi mzuri ni kazi ya siku kadhaa, na gharama yake iondolewe kwenye bei kabla ya kupeana mikono, si baada.

Akikuta lori limeegeshwa kwenye mteremko wakati uwanja wa tambarare upo hatua chache pembeni, aliombe lishushwe, lizimwe kwa nusu saa na taa ndogo zikiachwa zinawaka, kisha liwashwe kwa stata bila mtu yeyote kuligusa.